Tanzania na Serikali ya Amin: Miaka Minane ya Kukataa

Wanafunzi wetu wa Uganda wanapofundishwa habari za vita vilivyomng'oa Idi Amin, aghalabu hadithi huanzishwa mwezi wa Oktoba 1978, majeshi ya Amin yalipovuka mpaka wa Mutukula na kuingia katika ardhi ya Tanzania. Kwa masimulizi hayo, Mwalimu Julius Nyerere alikuwa mtu aliyevamiwa akajitetea, basi. Hayo si uongo. Lakini anayeanzia hapo huwa ameikata miaka saba na miezi tisa iliyotangulia, na ndani ya miaka hiyo ndimo ilimofanyika sehemu kubwa ya siasa ya Tanzania kuhusu jirani yake. Vita vilichukua miezi saba tu. Kukataa ndiko kulikochukua miaka.

Makala haya yanahusu huko kukataa: kulitoka wapi, kuligharimu nini, na kwa nini sisi tuliokuwa tukikataliwa pamoja na mtawala wetu hatuna budi kukutazama kwa macho mawili, jicho la shukrani na jicho la kuuliza.

Asili yake inarudi nyuma hadi Januari 1964. Katika juma moja la mwezi huo askari waliasi Tanganyika, Uganda na Kenya, wakidai mishahara mizuri zaidi na kuondolewa kwa maofisa Waingereza. Serikali zote tatu zilitahayari kwa kulazimika kuwaita askari wa Uingereza waje kuwatuliza askari wake. Ila baada ya hapo njia ziligawanyika. Tanganyika ilivunja jeshi lake zima, na mwezi wa Septemba mwaka huo likaundwa Jeshi la Wananchi kwa vijana waliotoka katika umoja wa vijana wa TANU, jeshi lililofundishwa kwamba chama kiko juu ya bunduki. Uganda ilifanya kinyume chake. Kule Jinja askari walimshika waziri wa serikali na kumfungia kambini, na jawabu la serikali likawa ni kuwaongeza mishahara na kuwapandisha vyeo. Mmoja wa waliopanda haraka katika miaka iliyofuata ni Idi Amin. Mei 1966 ndiye aliyeongoza shambulio la jumba la Kabaka Mutesa, kwa amri ya Milton Obote. Ndiyo kusema kwamba Nyerere alipokuja kuona askari ameketi Ikulu ya Entebbe, aliona jambo ambalo yeye mwenyewe aliponea chupuchupu; na aliona vilevile kwamba rafiki yake Obote ndiye aliyemlea aliyempindua.

Tarehe 25 Januari 1971 Obote alikuwa njiani kurudi kutoka Singapore, kwenye mkutano wa wakuu wa Jumuiya ya Madola. Mzozo mkubwa wa mkutano ule ulikuwa azma ya serikali ya Uingereza kuiuzia silaha Afrika ya Kusini ya makaburu, na Obote, Nyerere na Kenneth Kaunda wa Zambia walikuwa miongoni mwa waliopinga kwa ukali. Jeshi likamwondoa akiwa nje ya nchi. Alipitia Nairobi, ambako hakukuwa na mtu aliyetaka akae sana, akaishia Dar es Salaam. Nyerere alikuwa ziarani India. Akarudi, akampokea mgeni wake kama Rais wa Uganda, si kama mkimbizi. Baada ya siku chache serikali ya Tanzania ilitoa tamko la kulaani kitendo kile bila kusitasita, ikikiita usaliti kwa maendeleo na uhuru wa Afrika nzima. Uingereza, kwa upande wake, iliitambua serikali mpya mapema mwezi wa Februari.

Hapa sisi walimu wa lugha tuna haki ya kusimama kidogo juu ya maneno. Katika Kiswahili cha kila siku, kumtambua mtu ni kumwona ukamjua kuwa ni fulani. Hakuna sifa wala lawama ndani yake. Mwizi naye hutambuliwa. Katika lugha ya mabalozi, kuitambua serikali ni jambo zito zaidi: ni kukubali kwamba huyu aliyeshika mji mkuu ndiye mwenye haki ya kusema kwa niaba ya wenyeji. Mataifa mengi hufanya kana kwamba maana hizi mbili ni moja. Husema, "Sisi twamtambua aliyepo." Nyerere alizitenganisha. Alipoulizwa kwa nini hakubali kukutana na Amin, jawabu lake lilikuwa kwamba Kenyatta huwasemea watu waliomchagua, na yeye Nyerere huwasemea waliomchagua. Je, Amin angemsemea nani? Na akaongeza kwamba hawezi kuketi meza moja na muuaji.

Hata neno "mapinduzi" lenyewe lilileta taabu. Huko Tanzania ni neno la heshima, kwa sababu ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Baadaye likaingia hata katika jina la chama tawala. Haikuwa rahisi kumpa Amin neno hilo hilo. Huku kwetu tulilitumia bila kufikiri, na mpaka leo tunalitumia.

Haki inatudai tuulize swali ambalo wapinzani wa Nyerere waliliuliza tangu siku ile: kwa nini Amin peke yake? Mwaka 1971 Afrika ilikuwa tayari imejaa watawala wenye magwanda. Mobutu alikuwa Kinshasa tangu 1965, Micombero Bujumbura tangu 1966, Nimeiry Khartoum na Siad Barre Mogadishu tangu 1969. Wote hao Tanzania ilishirikiana nao, na wengine ilishirikiana nao vizuri. Mwaka 1972 jeshi la Burundi liliua raia wa nchi yake kwa makumi ya maelfu. Tanzania ilipokea wakimbizi wengi na kuwapa ardhi, lakini uhusiano wa kibalozi na Bujumbura haukukatwa. Kwa hiyo haiwezekani kusema kwamba Tanzania ilikuwa na kanuni ya kutoshirikiana na serikali za kijeshi. Haikuwa nayo. Ilikuwa na hukumu juu ya mtu mmoja, na hukumu hiyo ilikuwa na mizizi miwili: mauaji yaliyoanza mara moja ndani ya kambi za jeshi, hasa dhidi ya askari wa Kiacholi na Kilango, na urafiki na Obote.

Mizizi hiyo ilisokotana, na hapo ndipo penye shida ya siasa hiyo yote. Ndugu zetu wa Tanzania hawapendi sana kukumbushwa kwamba Kampala ilishangilia tarehe 25 Januari 1971. Buganda ilishangilia zaidi kuliko mahali pengine, maana ilikuwa haijasahau mwaka 1966, Kabaka wake aliyefia uhamishoni London mwaka 1969, na hali ya hatari iliyoendelea kutawala. Watu wale hawakuwa wakimpenda Amin. Walikuwa wakimshangilia aliyemwondoa Obote. Sasa jirani akisema, "Simtambui Amin," na papo hapo akisema, "Rais wenu ni huyu hapa nyumbani kwangu," yule Mganda wa Masaka husikia sentensi moja, si mbili. Wengi walioanza kumchukia Amin kabla ya mwaka kwisha hawakuweza kutazama kusini kwa matumaini, kwa kuwa kila walipotazama kusini walimwona Obote.

Gharama ya kwanza ilitozwa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mkataba wake ulitiwa sahihi papa hapa Kampala tarehe 6 Juni 1967, na chombo chake cha juu kilikuwa baraza la marais watatu. Tangu Januari 1971 baraza hilo halikukutana tena hata mara moja. Reli, bandari, posta na ndege vilikuwa mali ya nchi tatu, vyenye makao makuu yaliyogawanywa kati ya Nairobi, Dar es Salaam na Kampala, na kila jambo kubwa lilihitaji sahihi tatu. Ikabidi karatasi zisafirishwe kutoka mji hadi mji, kila rais akitia sahihi yake peke yake. Katika mwaka ule wa kwanza palizuka ubishi mkali juu ya watu ambao Amin aliwateua kushika nafasi za Uganda katika Jumuiya, hata ikahitajika busara ya Kenya kuupitisha. Jumuiya iliishi hivyo miaka sita, kama nyumba ambayo wenyewe hawasemezani ila kwa kutumia watoto. Sisemi kwamba Amin ndiye aliyeivunja. Ugomvi wa Kenya na Tanzania juu ya biashara, fedha na shirika la ndege ulitosha kuivunja wenyewe, na mwaka 1977 ikavunjika kweli. Lakini marais watatu wasioweza kuketi pamoja hawangeweza kuiokoa hata kama wangetaka.

Gharama ya pili tuliilipa sisi. Tanzania haikukataa kwa mdomo tu. Askari waliomfuata Obote walikusanywa, wengine wakiletwa kutoka Sudan, na kuwekwa katika kambi ya Handeni mkoani Tanga. Tarehe 17 Septemba 1972 zaidi ya watu elfu moja walivuka mpaka, kundi moja likielekea Masaka na jingine Mbarara. Katika hili la pili alikuwamo kijana Yoweri Museveni na wenzake. Mpango ulitaka pia ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki ibebe makomando hadi Entebbe. Ndege hiyo iliibwa Dar es Salaam, ikatua uwanja wa Kilimanjaro ili kuwapakia, na magurudumu yake yakapasuka pale pale. Waliovuka kwa miguu hawakupata ndege ya kuwasaidia, wala wananchi hawakuinuka kama walivyoahidiwa. Kwa nini wangeinuka? Walikuwa wameambiwa kwamba ni Obote anarudi. Baada ya siku chache kila kitu kilikuwa kimekwisha.

Adhabu iliwaangukia wale ambao hawakushauriwa. Ndege za Amin zilipiga mabomu Bukoba na Mwanza. Ndani ya Uganda, tarehe 21 Septemba, siku nne tu baada ya uvamizi, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka aliburutwa kutoka Mahakama Kuu ya Kampala mchana kweupe, na hakuonekana tena. Mwezi uliofuata alichukuliwa Frank Kalimuzo, mkuu wa Chuo Kikuu cha Makerere. Amin angeweza kuwaua hata bila kisingizio, hilo halina ubishi. Lakini Septemba 1972 alikabidhiwa kisingizio, na wakati huo huo akawa anawafukuza Waasia kwa muda wa siku 90 alizotoa mwezi wa Agosti. Uvamizi ule ulimfanya aonekane mlinzi wa taifa hasa katika majuma aliyokuwa akilibomoa. Kwa maoni yangu huo ndio uliokuwa mwezi mbaya kuliko yote katika siasa ya Tanzania kuhusu Uganda.

Siad Barre aliingia kati kusuluhisha. Mkataba wa Mogadishu wa tarehe 5 Oktoba 1972 uliamuru majeshi ya pande zote mbili yarudi kilomita 10 kutoka mpakani, na kila nchi iache kuwasaidia wapinzani wa mwenzake. Tanzania iliukubali, na ikautekeleza kwa kadiri kubwa: wapiganaji wa Obote walipelekwa mbali, pande za Tabora, wakawa wakulima. Tuangalie vizuri lililotokea hapo. Kutia sahihi mkataba na serikali fulani ni namna ya kuitambua, upende usipende. Nyerere hakuketi na Amin, lakini wajumbe wake waliketi na wajumbe wa Amin. Yule ambaye hakutambuliwa mchana alitambuliwa jioni, kwa sababu mpaka una watu wanaolala kando yake, na watu hao walikuwa wameshapigwa mabomu.

Kuanzia hapo hadi 1978 ilikuwa miaka ya ukimya wenye chuki. Vita vilihamia redioni, na vilipiganwa kwa Kiswahili. Jambo hili wanahistoria wa mambo ya mabalozi hulipita mbio. Sisi hatuwezi kulipita. Amin alimwandikia Nyerere salamu za kejeli ambazo sitazirudia hapa, na alitangaza vitisho kwa lugha ambayo Mtanzania yeyote aliielewa bila mkalimani. Tarehe 7 Agosti 1973 alitangaza kwa amri kwamba Kiswahili ndicho lugha ya taifa ya Uganda, baada ya wilaya 12 kukipendelea na wilaya 8 kupendelea Kiganda. Lingekuwa jambo la kufurahisha kwa chama kama chetu. Lakini amri haikufuatwa na walimu wala vitabu, na Kiswahili ambacho raia alikisikia kilibaki kile cha kizuizi cha barabarani usiku: shuka, lete, lala chini. Kazi yetu darasani ilianza na deni hilo. Mwaka 1979 walipoingia askari wa Tanzania, wakulima wa Masaka na Mpigi walikutana na askari wanaosema lugha ile ile lakini wanaoanza na shikamoo kwa wazee. Hawakuwa malaika wote, lakini tofauti ilisikika masikioni kabla ya kitu kingine, na Kiganda kikalichukua neno "wakombozi" na kulifanya lake: bakombozi.

Kukataa kulifikia kilele chake kwa maneno mwaka 1975. Mkutano wa wakuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipangwa kufanyika Kampala. Mara moja kabla ya hapo, mwaka 1971, mkutano kama huo ulihamishwa kutoka Kampala kwenda Addis Ababa. Safari hii haukuhamishwa. Tanzania, Zambia na Botswana zilikataa kwenda. Tamko la Tanzania lilisema kwa ukali kwamba Afrika hupiga kelele Mwafrika anapouawa na mzungu wa kusini, lakini hunyamaza anapouawa na Mwafrika mwenzake aliyeshika serikali, na kwamba kunyamaza huko kunaufanya Umoja uonekane chama cha kulindana kwa wakubwa. Viongozi waliokwenda Kampala walimkabidhi Amin uenyekiti wa Umoja kwa mwaka mzima. (Mmoja wao, Jenerali Gowon wa Nigeria, alipinduliwa na jeshi lake akiwa kwenye mkutano huo huo. Afrika ya miaka ile haikuhitaji watunga tamthilia.)

Kenya ilikuwa na njia yake. Mizigo ya Uganda ilipitia Mombasa, viwanda vya Nairobi viliuza bidhaa Kampala, na Kenyatta hakuona sababu ya kupoteza soko kwa ajili ya Obote. Hilo lilidumu mpaka Amin alipodai sehemu ya ardhi ya Kenya mwezi wa Februari 1976, na hasa mpaka Julai mwaka huo, ndege za Israeli zilipokwisha kuwaokoa mateka Entebbe zikaongezwa mafuta Nairobi. Wakenya waliokuwa Uganda waliuawa kwa kulipizwa kisasi, na Kenya ikabana mafuta. Kwa kubana mafuta tu Kenya ilimtikisa Amin kwa majuma machache kuliko Tanzania ilivyomtikisa kwa miaka mitano. Tanzania haikuwa na bomba la kufunga. Ilikuwa na neno "hapana" peke yake.

Februari 1977 Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Oryema na Oboth-Ofumbi, waliuawa. Sasa hata waliokuwa wakimstahi Amin waliona aibu. Lakini kuona aibu si kuondoa serikali, na mwaka 1978 alipoanza kuyumba, aliyumba kutoka ndani: jeshi liligombana lenyewe kwa lenyewe. Wengine waliasi wakakimbilia upande wa mpaka wa Tanzania, na Amin akawafuata, au akajidai kuwafuata.

Mpaka huo ni mstari ulionyooka wa nyuzi 1 kusini ya Ikweta, uliochorwa na Uingereza na Ujerumani mwaka 1890 bila kuujali mto. Mto Kagera uko kusini yake, na kati ya mto na mstari kuna kipande cha ardhi ya Tanzania chenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,800 hivi. Tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Amin yalikiingia kwa wingi. Tarehe 1 Novemba alitangaza kwamba ni sehemu ya Uganda na kwamba mto ndio mpaka wa asili. Askari wake waliua raia, wakabaka, wakasomba ng'ombe na mitambo ya kiwanda cha sukari cha Kagera, kisha wakalivunja daraja la Kyaka. Alipoona mambo yanamgeukia alipendekeza amalizane na Nyerere kwa ngumi ulingoni. Nyerere aliwajibu Watanzania wenzake, si yeye, katika hotuba ambayo kila mtu aliyekuwa na redio aliikumbuka kwa maneno matatu: uwezo, sababu, nia.

Sababu, kwa kweli, ndiyo iliyokuwa imekosekana mwaka 1972. Safari hii Amin aliileta mwenyewe. Nyerere aliutaka Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulaani uvamizi. Ikumbukwe kwamba ni yeye aliyeuongoza Umoja huo, pale Cairo mwaka 1964, kupitisha azimio la kuheshimu mipaka iliyorithiwa kwa wakoloni. Amin alikuwa amelivunja azimio hilo hadharani, na bado Umoja ulituma wasuluhishi badala ya lawama. Ulizitaka pande zote mbili ziache kupigana, kana kwamba aliyeingiliwa nyumbani na aliyeingia ni watu wa daraja moja. Nadhani ukimya huo wa Novemba 1978 ndio uliomaliza subira ya Dar es Salaam. Mtu aliyefuata taratibu miaka sita aliona taratibu hazimjui.

Kabla ya mwaka kwisha ardhi ya Tanzania ilikwisha kukombolewa. Januari 1979 Mutukula ilitwaliwa, na mwishoni mwa Februari zikaanguka Masaka na Mbarara. Kwa sheria ya mataifa Tanzania ilikuwa sasa katika ardhi isiyo yake, na Nyerere alijitahidi sana kueleza kwamba kulikuwa na vita viwili: kimoja cha Watanzania wanaomwadhibu mvamizi, na kingine cha Waganda wanaomwondoa dhalimu wao. Hoja hiyo ilikuwa nzuri kuliko hali yenyewe, maana wapiganaji wa Uganda walikuwa wachache mno. Kisha Libya ikaleta askari wake kumsaidia Amin, wakapigwa Lukaya mwezi wa Machi, na Gaddafi akatoa onyo kwa Tanzania. Hapo kujificha nyuma ya hoja ya vita viwili hakukuwezekana tena. Jeshi la Wananchi liliingia Entebbe, na tarehe 11 Aprili Kampala ikawa mikononi mwake. Tarehe 3 Juni lilifika mpaka wa Sudan. Jeshi lile lilikuwa limekua hadi kupita watu 100,000 pamoja na mgambo, na gharama zake, zinazokadiriwa kuwa dola milioni 500, hazikulipwa na yeyote aliyekuwa ameomba Tanzania isuluhishe. Mkoa wa Ziwa Magharibi ukabadilishwa jina, ukaitwa Kagera.

Lile fundo la mwaka 1971 lilikuwa wapi wakati huo? Lilikaribia kufunguliwa. Makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalipokutana Moshi kuanzia tarehe 24 Machi 1979, Nyerere alimshauri Obote asiende, na kiti kikuu akapewa Profesa Yusuf Lule. Kwa mara ya kwanza Tanzania ilisema sentensi mbili kama sentensi mbili: Amin aondoke, na atakayefuata si lazima awe mgeni wetu. Ndiyo maana Kampala iliwapokea wakombozi kwa maua. Lakini Lule alitawala siku 68 tu, akaondolewa. Godfrey Binaisa hakumaliza mwaka. Na askari wa Tanzania walikuwapo nchini wakati wote huo, wakitazama. Mwezi wa Mei 1980 Obote alirejea, akitua Bushenyi, na Desemba akatangazwa mshindi wa uchaguzi ambao wapinzani wake waliukataa. Februari 1981 Museveni aliingia msituni. Tanzania iliondoa majeshi yake katikati ya mwaka huo, na yaliyowapata watu wa Luwero yalitokea bila ya kuwapo kwake. Kuna Waganda wengi, hasa wa Buganda, ambao wakitajiwa Nyerere husita: hawajui waanze na Aprili 1979 au na Desemba 1980. Siwalaumu.

Huko Monrovia, Julai 1979, Nimeiry na Obasanjo waliishambulia Tanzania kwa kuingilia mambo ya jirani. Binaisa alisimama kuitetea. Mwaka huo huo Bokassa aliangushwa kwa msaada wa askari wa Ufaransa, na Ufaransa haikuitwa Monrovia kujieleza. Imepita zaidi ya miaka ishirini hadi Afrika iandike katika katiba ya Umoja wa Afrika ya mwaka 2000 kwamba serikali zinazoingia kwa njia zisizo za kikatiba zisishiriki katika vikao vyake, na kwamba Umoja una haki ya kuingia katika nchi mwanachama ikiwa kuna mauaji ya kimbari au uhalifu dhidi ya ubinadamu. Kifungu cha kwanza hutumika. Cha pili kilijaribiwa kwa Burundi mwishoni mwa mwaka 2015, na Januari iliyofuata wakuu wa nchi wakakirudisha kabatini.

Burundi ndiyo inayonirudisha kwa Nyerere kwa mara ya mwisho. Tarehe 25 Julai 1996 jeshi la Burundi lilimwondoa Rais Sylvestre Ntibantunganya na kumrudisha Meja Pierre Buyoya. Nyerere wakati huo hakuwa tena na cheo. Alikuwa msuluhishi mzee wa Butiama. Siku sita baadaye wakuu wa nchi za jirani walikutana Arusha, na safari hii Uganda iliketi upande mmoja na Tanzania. Waliifungia Burundi mipaka ya biashara. Kisha wakataja masharti ya kuifungulia: bunge lirudishwe, vyama viruhusiwe, mazungumzo yaanze na wote bila masharti. Jina la Ntibantunganya halikuwamo katika masharti hayo. Hakuna aliyedai arudishwe Ikulu. Na Buyoya, aliyetengwa kwa vikwazo hadi Januari 1999, aliketi mezani Arusha pamoja na wapinzani wake, na aliyekuwa kwenye kiti cha msuluhishi mpaka alipofariki Oktoba mwaka huo ni yule yule ambaye kwa miaka minane hakukubali kuketi na Amin.